Ndizi nyama za Soweto Mbeya, maoni ya mtu aliyekaa ndani miezi minane

Habari zenu watu wa Mbeya. Leo naandika kuhusu genge la chakula lipo Soweto, halina jina wala kibao, we ukifika mwambie dereva bajaji yeyote nipeleke kwa mama wa ndizi, ukiona turubai la bluu na moshi ndo hapo. Nataka kusifia ndizi ila mnivumilie kidogo maana siwezi kueleza zile ndizi bila kueleza kwa nini safari ya bajaji moja tu ilinichukua karibu mwezi mzima kuimaliza.

Iko hivi, mwaka jana nilikutwa na TB. Ile ya kawaida sio sugu, dozi miezi sita, miwili ya kwanza kidonge kina dawa nne ndani, minne iliyobaki zinakua dawa mbili, na dawa ni bure hospitali za serikali kwa hiyo asikutishe mtu kuhusu hela. Mkojo unageuka rangi ya Fanta, mwenzenu nilipiga kelele chooni siku ya kwanza, na walikua wameniambia kabisa lakini siku ile unapewa majibu nani anasikiliza vitu vya mkojo. Sasa nesi wa kliniki alinieleza vizuri kwamba ukimeza dawa bila kuruka, baada ya wiki chache kwa kawaida huambukizi tena watu, na mwezi wa pili nikapima makohozi yakatoka safi. Maana yake ningeweza kurudi kwenye meza yangu ya vitenge Mwanjelwa mapema tu. Nilikaa ndani miezi minane. Sita ya dozi, na miwili ya juu yake ambayo hakuna daktari aliyeniandikia, nilijiandikia mwenyewe.

Nyumbani walinitengea kikombe. Cha bati, cheupe kina ua jekundu, pale kwenye mkono rangi imebanduka pamebaki kidoa cheusi, kina sahani yake na kijiko chake na vyote vinakaa dirishani jikoni peke yao. Silaumu mtu jamani, mama yangu mwenyewe ndo alikua ananiletea uji humo usiku wa manane nikiwa na homa. Lakini TB haipiti kwenye vyombo, inapita kwenye hewa mtu akikohoa, nesi kasema hivyo mbele yetu wote, dada yangu akaitikia ndio ndio sista, tukarudi nyumbani kikombe kikaendelea kukaa dirishani. Na hii ni Mbeya hii hii yenye kituo cha NIMR, ile taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, ambacho utafiti wa TB wanaufanya miaka na miaka. Haya.

Siku namaliza dozi nilijua nitatoka mbio kama ndama. Nikafika getini nikashika komeo, moyo ukaanza kugonga, mikono jasho na baridi lile la mwezi wa sita, miguu kama sio yangu, nikageuka nikarudi ndani nikamwambia mama nimesahau mtandio. Sikutoka tena siku ile. Mtu akiniuliza nilikua naogopa nini nashindwa kumjibu kwa sababu zilikua hofu mbili na haziendani, moja inasema huko nje utaokota ugonjwa mwingine mapafu yako hayana nguvu, nyingine inasema ugonjwa ni wewe, ukikohoa tu watu watasogea. Na Mbeya mwezi wa sita nani hakohoi?

Nilimpigia yule nesi. Hakunipa maneno mengi, akasema anza na sehemu fupi, uende hapo hapo kila siku mpaka uchoke napo ndo usogee mbele. Na moyo ukianza kwenda mbio usikimbie, kaa hapo hapo, unapanda unafika juu halafu unashuka wenyewe, ila ukikimbia wakati uko juu kabisa basi kesho unaanzia huko huko juu. Kwa hiyo wiki ya kwanza geti. Wiki ya pili duka la jirani, kununua chumvi, nyumbani mpaka leo tuna chumvi ya kufungulia duka. Wiki ya tatu nikafika kona ya bajaji nikawa nasimama tu, madereva wananiuliza dada wapi, nasema namsubiri mtu.

Sasa genge linaingiaje. Mdogo wangu ndo anashika meza yangu sokoni na mchana anakula kwa huyu mama, jioni akirudi ananisimulia ndizi mpaka mate yananijaa. Nikamtuma amwambie mama awe ananiletea kwa boda nitalipia. Mama akamjibu hapa hatutumi chakula, ndizi zikifungwa zinatoa jasho, mwambie huyo dada yako aje mwenyewe. Nilikasirika. Nilisema biashara gani hii, miaka hii hujui kutuma chakula.

Nikaenda saa tano asubuhi, muda ambao watu wa chai wameondoka na wa mchana hawajaja. Nilichagua bajaji kwa sababu ina upepo, daladala bado sijaiweza nisiwadanganye. Pale nje kuna benchi limeegemezwa ukutani, ukikaa mgongo uko ukutani na macho yako barabarani, hakuna mtu nyuma yako, na ukitaka kuondoka unaondoka bila kuomba mtu akupishe. Kwa mtu wa hali yangu lile benchi lina thamani kuliko sofa la hoteli. Nikakaa na barakoa yangu nikaagiza chai ya tangawizi basi.

Huyu mama vikombe vyake ni vya plastiki vya rangi rangi, ana mabeseni mawili, moja la sabuni moja la maji ya moto yanayofuka, anasugua, anasuuza, anakung'uta mara mbili. Kikombe nilichopewa ni cha kijani na nilikiona dakika tano nyuma kikiwa mkononi kwa fundi gereji mmoja mikono yote oili. Akakisugua, akakung'uta, akanimiminia, akaniwekea, akaenda kugeuza chapati zake. Hakuuliza barakoa ya nini wala hakunitafutia kikombe changu. Nikabaki nakitazama kile kikombe, yaani miezi minane sijanywea kitu ambacho mtu mwingine amenywea.

Nilikua nimejiwekea sheria sitoki mpaka chai ipoe. Asubuhi za Mbeya wakati wa baridi chai haichukui muda, nikaona dakika kumi tu si nitavumilia. Ikapita lori barabarani ikapiga honi, wakaingia vijana wanne kwa mpigo wanacheka, mmoja akakohoa, na mimi nikaacha mia tano chini ya kikombe nikaondoka, chai bado inafuka. Nilitembea kwa miguu mpaka Mafiati ndo nikakumbuka kuna bajaji.

Siku mbili mbele nikarudi. Nikasema shikamoo mama, akasema marahaba mwanangu, akanimiminia chai, nataka kumpa hela akaikataa, akasema juzi ulilipa chai hukunywa, leo unakunywa ile. Hakuongeza neno. Nikaketi. Moyo ukapanda kama kawaida yake, nikawa nahesabu chapati anazotoa kwenye kikaango, ya saba, ya nane, na kwenye ya kumi na kitu nikagundua nimeshusha barakoa kidevuni na chai imepoa na imeisha nusu. Mlima Loleza ulikua umetoka kwenye ukungu wote. Nikaagiza ndizi.

Ndizi sasa. Zinatoka Tukuyu, anazimenya usiku, asubuhi zinapikwa kwenye sufuria moja kubwa na nyama yenye mfupa, nyanya za kutosha, karoti, hoho, hakuna nazi hakuna mbwembwe. Zimeiva kiasi kwamba ukigusa na kijiko inaachia lakini haijawa uji, na mchuzi ni mzito sio ule wa kuona sura yako. Pembeni unawekewa robo ya parachichi bila kuomba na pilipili ya kukaanga kwenye kikopo, hiyo pilipili iheshimuni. Nyama anapima kwa jicho, mwenye bahati unapata kipande cha mbavu. Mimi nililipa elfu tatu, nikashiba mpaka jioni, na kumbuka mimi ni mtu ambaye TB ilinitoa kilo za kutosha, nguo zote zilikua zinanipwaya, sasa hivi sketi inaanza kunibana nafurahi.

Chapati ni nzuri ila mafuta yamezidi, ukishika unabaki unang'aa vidole. Wali wake ni mchele wa Kyela, unaunusa ukiwa bado barabarani, ila maharage nimekula mara mbili na mara zote mbili chumvi imepungua. Nyumbani ninayo nyingi ningemletea.

Kasoro zipo na nazisema. Moshi kwanza. Anapikia kuni na mkaa, upepo ukigeuka unakuja wote benchini, kwa mwenye kifua kilichowahi kuumwa uangalie unakaa upande gani, mimi nimemwambia na akasogeza jiko moja lakini lile kubwa halisogezeki. Choo hakuna, unaenda cha nyumba ya jirani unaomba ufunguo. Redio anaifungulia sauti kama ya mkutano wa hadhara. Saa saba mchana usithubutu kama hujazoea watu, wanajaa mpaka wengine wanakula wamesimama na huduma inalegea, unaagiza ndizi unaletewa wali, na ukilalamika mama anakuambia kula hiyo hiyo mwanangu ndizi zimeisha. Noti ya elfu kumi asubuhi hana chenji, beba ndogo ndogo. Jumapili hafungui.

Mdogo wangu aliniuliza sasa hapo hofu imeisha? Haijaisha. Wiki iliyopita nilifika nikakuta benchi langu limejaa, nikasimama pale kama dakika mbili nataka kurudi, mama akaita kutoka jikoni ingia ndani kuna nafasi, nikaingia ndani, nikakaa meza ya katikati kati ya mzee mmoja na wale vijana wa gereji, nimebanwa kulia na kushoto. Nilikula haraka na jasho lilinitoka na ladha ya ndizi siwezi kuwasimulia siku ile. Lakini nilikula. Na yule mzee alipiga chafya nikajikuta nasema pole baba, akajibu ndaga mwanangu, yaani asante kwa Kinyakyusa, tukaendelea.

Kile kikombe cha bati nimekitoa dirishani, mama yangu ameotesha kitunguu humo.

Nampa nyota nne, ya tano ameikosa kwa moshi na maharage. Nenda saa tano, sio saa saba. Mwezi ujao narudi sokoni nusu siku nusu siku, kwa hiyo mchana nitakua pale mara nyingi, ukikuta dada amevaa sweta la kijani kakaa kona ya benchi la nje, hiyo ndo sehemu yangu, ila we njoo tu nitasogea.