Utepe wa kipenyo na kalipa: kipi kinafaa shambani?

Katika mashamba ya misindano kama ya Sao Hill, wilayani Mufindi, kipenyo cha mti hupimwa mita 1.3 kutoka ardhini, na mti ukiwa kwenye mteremko kimo hicho huanzia upande wa juu. Nimetumia vifaa vyote viwili kwa muda mrefu, na chaguo langu ni utepe.

Utepe wa kipenyo huzungushwa kwenye shina, lakini kila sentimita iliyoandikwa juu yake ina urefu halisi wa sentimita 3.14, hivyo mpimaji husoma kipenyo moja kwa moja bila kupiga hesabu. Kasoro yake ni kwamba ukikaa mshazari, au ukipita juu ya mmea unaotambaa, daima huongeza kipimo, haupunguzi kamwe. Ndiyo maana kabla ya kusoma mimi huupitisha mkono nyuma ya shina, hata kama vidole vitanata utomvu.

Kalipa, yaani rula yenye mikono miwili inayobana shina, mmoja umekazwa na mwingine huteleza, ni ya haraka zaidi kwa miti midogo. Hata hivyo, shina lisilo duara kamili lazima lipimwe mara mbili kwa pembe mraba, kisha wastani utafutwe, na mkono unaoteleza ukilegea hutoa kipimo pungufu.

Mkulima asiye na vifaa hivyo atumie futikamba ya fundi cherehani: mzingo wa sentimita 94.2, ukigawanywa kwa 3.14, ni kipenyo cha sentimita 30.