TAHADHARI: Muuza shiti za plastiki na seti za vifaru vya mfano pale Malindi ni tapeli

Jamani, wajenzi wenzangu wa vyombo vya anga vya mfano, Unguja na Pemba, msinunue kitu kwa yule mzee anayejitangaza kuwa analeta shiti za polistaireni kutoka Dar. Kanipiga. Mikono bado inanitetemeka kwa hasira, na haya juu yake, maana nilishawatangazia nyote kuwa nimepata chimbo.

Ule mtepe wa anga ninaouunda mnajua umekwama wapi. Kiunzi tayari, mabomba ya injini tayari, ubavu mtupu. Shiti za milimita moja za kuuvisha nimezisaka Darajani duka kwa duka, hakuna. Akatokea yeye, anazo, na bei ya kibinadamu.

Tukakutana Malindi baada ya Alasiri, nje ya geti la bandari. Mtu mzima, kanzu imenyooshwa, kofia ya viua, tasbihi mkononi. Nikampa shikamoo yake, akaitikia, akaniita mwanangu. Na anaijua kazi! Bila ya kuulizwa akanieleza kwamba mafundi waliotengeneza vyombo vya Star Wars ya mwaka 1977 walikuwa wakivunja seti za vifaru na ndege za vita, wakabandika vipande vyake ubavuni ili chombo kionekane kikubwa. Ni kweli tupu. Tapeli wa mtaani angeyajulia wapi hayo?

Kisha akaniambia, "Toa kisu chako." Akachomoa shiti ya juu kabisa, akaweka rula, akapiga mstari mmoja, akaikunja. Tak! Ikakatika sawasawa, ukingo safi. Hilo ndilo jaribio tunalowafundisha wanaoanza, yakhe. Nani kati yenu asingeamini?

Zilizobaki zimezungushiwa utepe wa gundi pande zote. Nikataka kuufungua. Akanishika kiganja taratibu: "Mwanangu, mchanga wa hapa utazichubua, halafu rangi ikusumbue." Na mkwaruzo kwenye shiti kweli hujitokeza ukishapiga rangi, sote tunajua. Mara boti ikapiga honi, akatazama saa, akasema asipoondoka sasa ataachwa. Nikatuma laki na themanini kwa simu palepale, za shiti pamoja na maboksi mawili ya vifaru vya kipimo cha 1/35 yaliyofungwa nailoni kama mapya. Akanipa mkono, akaniombea dua. Dua, wallahi! Pesa yangu ishaingia kwake, na ulimi unamtaja Mungu.

Nyumbani nikakata utepe. Shiti ya pili nikaipiga mstari, nikakunja, haikatiki. Inapinda tu na kuacha ufito mweupe pale penye mkunjo. Ya tatu vilevile, mpaka ya mwisho. Gundi yetu ya majimaji, ile inayoyeyusha polistaireni mpaka vipande viwili vikawa kimoja, ilikaa juu yake kama maji kwenye jani la mgomba. Nikatia kipande kwenye beseni, kikaelea. Polistaireni ina kama gramu 1.05 kwa kila sentimita moja ya ujazo, kwenye maji huzama. Hii ni polipropilini, ina kama 0.9, ndiyo plastiki ya mafaili ya ofisini. Haishiki gundi yetu wala rangi yetu. Sasa mtepe nitauvisha nini?

Maboksi ya vifaru sitaki hata kuyazungumza. Vipande vya vigae, vimefungiwa gazeti visigongane.

Mtu huyu atiwe ndani. Kurudisha pesa pekee hakutoshi, maana sisi tunajinyima chai ya asubuhi kununua vitu hivi, na yeye anajua hivyo, ndiyo maana anatufuata sisi. Asimamishwe hadharani, kila aliyeibiwa amtazame usoni. Na hiyo kofia avuliwe kwanza, asiwafedheheshe wazee wa watu.

Jina siandiki kwa sababu halisaidii: alilonipa mie silo alilompa ndugu yetu wa Wete, naye kaibiwa kwa mchezo huohuo. Jina lililokuja kwenye muamala ni jengine kabisa, la mwanamke. Hakubali mkutane dukani wala nyumbani kwa mtu, lazima bandarini, na lazima boti iwe inaondoka. Nailoni ya maboksi ina mshono uliochomwa kwa moto, umekunjamana. Shiti chagueni wenyewe, ya katikati au ya chini, muikate mbele yake. Akikataa, ondokeni.

Polisi nimeshapeleka namba ya simu na ujumbe wa muamala. Wengine mlioibiwa leteni wenu leo hii, msiufute, tuwe na kesi moja nzito. Nasikia sasa anaulizia wateja Chake Chake. Walioko huko mkimuona nipigieni, hata iwe usiku wa manane.