Hamira ya Nottingham: nimepata laga bila friji ya kuchachushia

Nianze na aibu. Pipa la kwanza nililochachusha kwa hamira hii nililimwaga kwenye sinki, lita 19 zote. Kosa halikuwa la hamira. Nililiweka jikoni, nyuzi 22, nikajiambia joto hilo si kitu. Ikatoka bia inayonukia peasi zilizoiva kupita kiasi. Anayetaka laga hataki tunda kwenye glasi.

Hamira yenyewe ni Nottingham ya Lallemand, ya unga mkavu, pakiti ya gramu 11. Ni ya jamii ya eli, bia zinazochachuka kwenye joto la chumba. Laga ina hamira yake, inayopenda baridi ya nyuzi 10 au 12, na kwa wengi wetu maana yake ni friji ya pekee. Mimi sina, na mama watoto ameshatamka kwamba friji ya nyumbani ni ya chakula. Nottingham huvumilia ubaridi kiasi kwamba hufanya kazi hadi nyuzi 10, mahali ambapo eli nyingi hulala fofofo.

Naishi Minnesota. Januari chumba cha chini ya nyumba hukaa nyuzi 14 bila mimi kugusa chochote, basi pipa la pili nikalipeleka huko. Kimea cha pilsner (shayiri nyeupe iliyooteshwa na kukaushwa) kilo nne kasoro, hopsi za Saaz (maua yanayotia bia uchungu), hakuna kingine. Kimea nilikiloweka kwenye maji ya nyuzi 65 kwa saa moja na robo; maji yakiwa ya moto zaidi, bia hubaki nzito mdomoni. Kisha maji yake nikayachemsha dakika 90 bila kifuniko, la sivyo kimea hiki cheupe huacha harufu ya mahindi ya kuchemsha. (Kwetu Moshi uchungu wa mbege, pombe yetu ya ndizi, hutoka kwenye gome la msesewe. Bibi angeziona hopsi hizi angeuliza ni majani ya mbuzi gani.)

Nikapoza hadi nyuzi 15, nikanyunyiza hamira, nikasubiri. Siku nzima kimya. Nilishuka ngazi mara nane kuchungulia, mpaka watoto wakaanza kuuliza kuna nini huko chini. Usiku wa siku ya pili mapovu yakaanza, polepole, bila ile fujo ya jikoni. Hidrometa, kipimo kinachoonyesha sukari iliyobaki, ilianza na 1.044, siku ya kumi na mbili ikasoma 1.008, kama asilimia 4.7 za kilevi. Nikalipandisha sebuleni siku mbili ili hamira imalizie ile ladha ya siagi inayoweza kubaki, halafu wiki tatu gerejini chini ya blanketi, karibu na nyuzi sifuri.

Hapo ndipo hamira hii iliponikosha. Ilituama chini ikashikamana kama udongo wa mfinyanzi, na bia juu yake ikawa angavu kiasi cha kuona vidole vyangu upande wa pili wa glasi. Wajerumani wa Köln wanaujua mchezo huu zamani: bia yao ya Kölsch huchachuka kwa hamira ya eli, kisha hulazwa kwenye baridi.

Je, ni laga kweli? Rafiki yangu Mkenya, mtu wa Tusker tangu ujana, alimaliza chupa mbili bila kuuliza. Mimi niliyeipika naonja kiharufu cha tufaha kwa mbali bia ikianza kupata joto, na ile ladha ya mkate iliyomo kwenye laga halisi ni hafifu. Ikiwa baridi sawasawa, ni kavu, nyepesi, inakata kiu.

Nyota nne kati ya tano. Ya tano naibania kwa sababu ya majira ya joto: Julai chumba kile hufika nyuzi 21, na mambo ya peasi sirudii. Pakiti mbili zimo kwenye friji, nyuma ya mchicha, zinangoja Novemba.