Bisibisi ya kugonga: skrubu zilizogoma zimetoka

Skrubu za kifuniko cha injini ya pikipiki zilinitesa siku mbili. Bisibisi ya kawaida iliteleza tu, na kila ikiteleza ilizidi kula kichwa cha skrubu. Ndipo nikanunua hii ya kugonga.

Ni chuma kizito, kinajaza kiganja. Ukipiga kitako chake kwa nyundo, pigo linageuka kuwa msokoto, na papo hapo ncha inakandamizwa ndani ya msalaba wa skrubu, kwa hiyo haipati nafasi ya kuruka. Nilipulizia mafuta ya kulegeza kutu usiku. Asubuhi nikakaza mkono kuelekea upande wa kufungulia, nikapiga. Pigo la tatu, tak! Vumbi jekundu likamwagika, skrubu ikalegea. Zote nane zimetoka na vichwa vyake.

Ncha zilizokuja nayo ni laini mno, moja imekwisha kingo. Nunua ngumu kando. Mdomo wa nusu inchi unashika pia soketi za kufungulia boliti, ila tafadhali tumia zile nyeusi za kuhimili mapigo. Za kung'aa zinaweza kupasuka. Na uvae miwani.