Hilux ya Dizeli na Datsun 240Z: Uzoefu Wangu wa Kuyaendesha Yote Mawili

Ninaendesha magari mawili yasiyofanana kwa lolote ila kuwa ya kampuni za Kijapani: Toyota Hilux ya dabo-kabini, dizeli ya lita 2.8, ambayo ni ya kazi, na Datsun 240Z ya mwaka 1972, kupe ya milango miwili niliyoachiwa na mjomba. Wakenya wa rika lake hawana haja ya kuelezwa 240Z ni gari gani, kwani ndiyo iliyoshinda Safari Rally mwaka 1971 na tena mwaka 1973, mara hiyo ya pili usukani ukiwa mikononi mwa Shekhar Mehta.

Hilux ina nguvu-farasi 204 na Datsun 151, lakini kwa kuwa pikapu ina uzito unaokaribia mara mbili ya kupe, mtu angetarajia iachwe nyuma. Huku kwetu Limuru, zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, mambo hayaendi hivyo. Hewa ni nyepesi, na injini isiyo na tabo hupoteza takriban moja ya tano ya nguvu zake, huku kabureta, zinazochanganya petroli na hewa, zikiendelea kumwaga petroli kana kwamba tuko Mombasa. Tabo ya Hilux husindika hewa hiyo hiyo kwa nguvu, kwa hiyo nikipanda kutoka Mai Mahiu nyuma ya malori, pikapu hupita kwa kukanyagwa kidogo tu, ilhali Datsun hunilazimu nirudi gia ya tatu na kuvuta subira.

Kwenye kona, hata hivyo, Datsun haina mpinzani, maana kila gurudumu lina springi yake na kiti kiko chini karibu na lami. Hilux ikiwa tupu hurukaruka kwenye barabara ya vumbi, kwa sababu springi zake za nyuma zimetengenezwa kubeba tani. Ipakie mifuko kumi ya saruji uone itakavyotulia.

Ninachokipenda zaidi ni kumtazama fundi akisawazisha kabureta mbili za Datsun. Huweka ncha moja ya mpira sikioni na nyingine kwenye mdomo wa kabureta, akasikiliza mvumo wa hewa, akazungusha skrubu robo, kisha akahamia ya pili, hadi mivumo yote miwili ilingane. Kwa Hilux, fundi huanza na kompyuta, lakini angalau spea zake hupatikana karibu kila mji.

Mwenye uwezo wa kununua gari moja tu achukue pikapu, hasa kwa ajili ya mifuko ya hewa na breki zisizofunga magurudumu kwenye utelezi. Mimi mvua ikinyesha usiku Datsun haitoki. Anayetaka 240Z asihangaike kwanza na injini, kwa kuwa hiyo hutengenezeka. Atafute kutu: afunue mikeka aone sakafu, atazame chini ya betri, kisha apitishe sumaku ndogo kwenye bodi: pasiposhika, ujue chini ya rangi pana puti, ile lipu ya kuzibia bodi iliyoharibika.