Miaka sita na Lexus LS 400 kuukuu: pesa ilikoenda

Nilinunua Lexus LS 400 ya mwaka 1999 ikiwa imeshatembea kilomita 186,000. Bei yake ilikuwa sawa na ya kigari kidogo cha milango mitano, cha kawaida kabisa. Leo dashibodi inasoma 271,000. Katika miaka hiyo sita limenilaza njiani mara moja tu, na siku hiyo kosa lilikuwa langu. Nitalifikia.

Kwanza hili, kwa sababu muuzaji hana haja ya kukwambia. Gari la kifahari likizeeka linashuka bei, lakini spea zake hazishuki nalo. Shoksi iliyotengenezwa kwa gari la matajiri inabaki kuwa shoksi ya matajiri, hata kama wewe umelichukua gari lenyewe kwa bei ya kutupa. Ukitaka kujua litakula kiasi gani, usitazame bei uliyonunulia, tazama lilikuwa linauzwa bei gani likiwa jipya. Ndiyo maana kabla ya kwenda kuliona niligawa pesa yangu mafungu matatu: mawili ya kununua, moja la kurekebisha mambo ambayo nisingeyaona siku ya kwanza. Kama ningekuwa na mafungu mawili tu, ningetafuta gari jingine.

Kwa nini hili na si sedani nyingine kubwa? Toyota, wenye nembo ya Lexus, walianza kulibuni mwaka 1983, wakalionyesha Detroit Januari 1989, na njiani walitengeneza magari ya majaribio yapatayo 450. Kule Japani likauzwa kwa jina la Toyota Celsior. Ukilifungua unaona walimwaga pesa hata pale ambapo mnunuzi hatatazama kamwe. Mimi, mmiliki wa sijui wa ngapi, nakula jasho hilo bila kulilipia. Injini yake, 1UZ-FE, ni V8 (silinda nane zilizopangwa kwa umbo la V) ya sentimita za ujazo 3,969 yenye valvu 32, na ndugu zake wamefungwa kwenye magari mengine ya Toyota na Lexus: Crown Majesta, Soarer, SC 400 na GS 400. Hilo kwenye karatasi linaonekana jambo dogo, lakini siku unapotafuta spea ndipo unapolishukuru. Namba ya spea ikiwa ile ile, huna sababu ya kulipia nembo ya Lexus kwenye boksi. Tena unaweza kwenda hatua moja nyuma zaidi: pampu ya maji ni ya Aisin, koili za kuwashia plagi ni za Denso, na kampuni hizo zinauza bidhaa hizo hizo kwenye maboksi yao wenyewe.

Wapo watakaokutajia LS 400 ya mwaka 1996 ya mwandishi wa magari wa Marekani, Matt Farah, iliyovuka maili milioni moja mwaka 2019. Ni kweli ilivuka. Ila maili zile hazikwambii lolote kuhusu gari unalokwenda kulikagua wewe Jumamosi.

Mimi nilikagua mawili. La kwanza lilikuwa linang'aa zaidi, viti kama vimetoka kiwandani jana, lakini lilikuwa na saspensheni ya upepo. Nililipenda, nikaliacha. Mifuko hiyo ya upepo inayobeba gari ikichoka unalipia kona nne kwa bei ambayo nisingependa kuiona hata ndotoni, wakati lile la pili lilikuwa na springi za chuma za kawaida. La pili nilimwomba mwenyewe asiliwashe kabla sijafika. Nilitaka kuisikia injini ikiamka ikiwa baridi, kwa sababu injini iliyokwisha pata moto inaficha mengi. Iliwaka kwa mguso mmoja, ikatulia. Chini palikuwa na unyevu kidogo upande mmoja. Nikauliza, nikajibiwa "ni kawaida ya magari haya." Shikeni hapo, tutaurudia huo unyevu.

Kuhusu mkanda wa taimingi, niliambiwa ulibadilishwa juzi tu. Juzi hiyo haikuwa na risiti. Kwa injini za toleo la VVT-i (mfumo wa Toyota unaobadili wakati wa valvu kufunguka), yaani kuanzia mwaka 1998, mkanda ukikatika pistoni zinagonga valvu, na hapo huzungumzii tena matengenezo, unazungumzia injini nyingine. Kwa hiyo wiki ile ile niliubadilisha, pamoja na kikaza mkanda, puli zake, sili za mbele na pampu ya maji. Pampu inazungushwa na mkanda huo huo, na njia ya kuifikia ndiyo hiyo hiyo. Kuiacha ya zamani ili kuokoa pesa ni kumwandikia fundi miadi ya kufungua kila kitu tena.

Ungedhani somo hilo lilinikaa. Halikunikaa.

Stata ya gari hili haipo chini kama ulivyozoea. Imelala katikati ya ile V, chini ya manifoldi ya hewa, yale mabomba yanayoingiza hewa kwenye injini. Ilipoanza kugoma asubuhi, mwaka wa tatu, fundi alilazimika kung'oa manifoldi yote ili aifikie. Akiwa humo akaniita: "Bosi, njoo uone." Alinionyesha sensa mbili za kugonga, zile zinazosikiliza kama injini inagonga ndani, zilizokaa jirani na stata, waya zake zimekauka, plastiki inavunjika mkononi. Akashauri tubadilishe sasa hivi pamoja na vijihosi vilivyo pale. Nilishatoa pesa ya stata, nikajiona mjanja, nikamwambia zinafanya kazi, ziache. Miezi minane baadaye taa ya injini ikawaka, mashine ikasoma sensa ya kugonga, na manifoldi ikang'olewa upya. Sensa zenyewe hazikuniuma. Kilichoniuma ni kulipia saa zile zile za kazi mara ya pili, kwa fundi yule yule, aliyekuwa muungwana kiasi cha kutosema kitu.

Sasa ule unyevu. Ulikuwa oili ya pawa steringi. Katika injini hii pampu ya usukani imekaa juu ya alteneta, kwa hiyo sili zake zikichoka, tone linaanguka moja kwa moja juu ya kifaa cha umeme. Nililijua hilo. Nililisoma kabla hata ya kununua gari! Lakini tone lilikuwa dogo, usukani ulikuwa mwepesi, na kuongeza oili kidogo kila baada ya wiki mbili hakukugharimu kitu cha kusema. Nikaendelea hivyo miezi mitano. Usiku mmoja wa mvua nikaona taa za mbele zinafifia, waipa zinakwenda kwa uvivu, redio ikazima yenyewe, kisha dashibodi nzima ikawa giza. Alteneta ilikuwa imelewa oili. Nikalipia kuvutwa, nikalipia alteneta, na juu ya hayo nikalipia zile sili za pampu ambazo tangu mwanzo ndizo pekee zilizokuwa zinahitajika. Sili zilikuwa kitu cha bei ndogo kuliko vyote kwenye risiti ile. Wahenga walishasema juu ya ufa na ukuta. Mimi nilikuwa na ufa unaodondoka na nikaupigia mahesabu.

Tangu hapo niligeuza utaratibu. Kila mwezi natenga kiasi kile kile cha pesa, liwe limeharibika au halijaharibika, kana kwamba nalipa mkopo wa gari jipya, ila ni karibu nusu ya rejesho la mkopo huo. Miezi mingi haitumiki, inalundikana. Na kila kinachohitaji kutengenezwa kinapangwa foleni: kwanza kinachosimamisha gari, yaani breki, kinacholiongoza na kinachopoza injini. Kinachofuata ni kile ambacho kikiachwa kitaharibu kingine, na tone la oili liko hapa. Starehe inakaa mwisho. Foleni hiyo ndiyo imeniokolea pesa kuliko duka lolote la spea. Kisha mara moja kwa mwaka namlipa fundi alinyanyue tu na kuliangalia, bila kutengeneza chochote siku hiyo. Mwanzoni alishangaa kulipwa kwa kutazama.

Kitu kingine kilichonilinda ni kukataa kubahatisha. Mwaka juzi injini ilianza kumisi ikipanda mlima. Gereji moja niliyoipitia ikaniandikia koili zote nane, plagi nane na sensa za oksijeni, bila kufungua hata boneti vizuri. Nilishukuru nikaondoka. Nyumbani nina kile kifaa kidogo cha kusoma kompyuta ya gari, cha bei ya chini tu. Kikasoma namba ya hitilafu P0303, yaani silinda ya tatu inamisi. Toleo hili lina koili moja kwa kila silinda, basi nikahamisha koili ya silinda ya tatu kwenda ya tano, na ya tano kwenda ya tatu, nikafuta namba hiyo, nikatoka kuendesha. Namba ikarudi, safari hii P0305, yaani silinda ya tano. Tatizo lilikuwa limehama na koili. Nikanunua koili moja. Kwa kuwa plagi zilishatimiza umri wake nilizibadilisha pia, lakini hiyo ilikuwa hiari yangu. Kazi yote ilichukua nusu asubuhi na soketi mbili tatu.

Sikatai, kuna mahali nilibana na nikajutia. Mikono ya juu ya saspensheni ya mbele huja mizima pamoja na boljointi yake. Bei ya ile orijino ilinishtua, nikachukua jozi isiyo na jina, imefungwa kwenye mfuko wa nailoni. Ilianza kugonga kabla ya mwaka kuisha. Niliweka orijino, na huu ni mwaka wa nne ziko kimya. Bushi za fimbo za mbele, zile zinazokufanya uhisi usukani unatetemeka ukikanyaga breki, nazo sichezi nazo. Mafundi wawili walikwishaanza kulaumu diski. Upande wa pili, fremu za taa, vioo vya pembeni, swichi za madirisha na vitasa nachukua vya mtumba kutoka kwenye gari lililokatwa, bila aibu yoyote. Kisichozunguka, kisichobeba uzito na kisichopata moto, cha mtumba kinatosha.

Giaboksi ya gia tano naibadilishia oili kila kilomita 60,000, kwa kumwaga na kujaza tu, aina iliyoandikwa kwenye kitabu na si nyingine. Sijawahi kuiruhusu isafishwe kwa mashine ya presha. Inabadili gia kama zamani, na ndicho kifaa pekee ninachokiogopa, kwa sababu ikifa, hesabu yote hii inakufa nayo.

Mafuta? Ni V8 ya lita nne, usijidanganye. Langu linakula karibu lita 13 kwa kilomita 100 kwa mchanganyiko wa mjini na barabara kuu, na kwa kuwa mgandamizo wake ni 10.5 kwa 1 nalipa petroli ya okteni ya juu. Kwa anayetembea kilomita nyingi kila siku hapa ndipo gari linapomshinda, si gereji. Kinachofidia kidogo ni tairi: 225/60 za rimu 16, saizi ambayo haina majivuno, na bei yake iko mbali sana na zile za rimu 20 za sedani za leo. Ule ukuta mnene wa tairi ndio sehemu ya ule ulaini watu wanaousifu. Ukibandika rimu kubwa umelipa pesa ili gari lako liwe baya zaidi.

Ambayo sijatengeneza ni haya: kibadilisha CD hakisomi, pazia la nyuma linapanda nusu na kusita, kumbukumbu ya kiti cha dereva imesahau kila kitu, na skrini ya kiyoyozi ina doa jeusi linaloficha tarakimu ya pili, kwa hiyo joto la ndani nalijua kwa kuhisi. Kiyoyozi chenyewe kinapiga barafu. Nikijumlisha vyote hivyo, vingemeza akiba ya mwaka mzima na gari lisingekwenda hata hatua moja zaidi.

Je, ningemshauri mtu? Kama hilo ndilo litakuwa gari lake la pekee na hana fundi anayelijua, hapana. Kama anataka kujionyesha, pia hapana, maana kwa nje linafanana na gari la mhasibu mstaafu. Lakini nikiwa kwenye kilomita 110 kwa saa, madirisha yamefungwa, ninaongea na aliyekaa nyuma bila kupaza sauti, na injini siisikii. Nimepanda magari mapya kadhaa ya marafiki ambayo hayana utulivu huo.

Mwezi huu ile akiba ya gari imejaa vya kutosha. Wiki ijayo linaingia kubadilishiwa maunti za injini, yaani raba zinazoishikilia, na boljointi za chini, kazi mbili kwa unyanyuaji mmoja. Fundi ameshaniuliza kama tutagusa na pazia la nyuma. Nimemwambia libaki hapo hapo nusu.