Nargisi Mombasa: tunguu la kununua na tunguu la kuacha

Kila mwaka upepo wa kusi ukishika na usiku ukipata ubaridi kidogo, huja mtu kuniuliza: nargisi zitaota hapa kwetu? Huwa kashaona picha kwenye simu, shamba zima la manjano huko Uingereza, na moyo umeshamwenda. Namwelewa. Jina tunalo majumbani tangu zamani, akina Nargis wako kila mtaa, ilhali ua lenyewe wengi wetu hatujapata kulishika mkononi.

Zitaota, ila itategemea umenunua tunguu lipi. Tunguu ni kile kitunguu cha ardhini ambamo ua hulala likingoja ishara ya kuamka. Kuna matunguu yanayongoja baridi, kuna yanayongoja mvua, na kuna yasiyongoja kitu ila maji. Baridi hatuna. Hata Julai na Agosti usiku wa Mombasa ni nyuzi 20 hivi, na mchana wa Machi hupanda hadi 33. Kwa hiyo kabla ya kuuliza bei, muulize muuzaji tunguu lake linangoja nini. Akikosa jibu, nenda kwa mwingine.

Jihadhari pia na ushauri wa mtandaoni kuhusu nargisi za "kusini kwenye joto". Mara nyingi waandishi wake ni watu wa Texas au Louisiana, na Januari usiku wa Houston hushuka chini ya nyuzi 10. Wao wana majira mafupi ya baridi, sisi hatuna kabisa. Nargisi inayodumu kwao miaka hamsini huenda kwetu isimalize mwaka wa pili.

Haya matano nimeyapanga kwa namna ambavyo ningetoa pesa zangu mwenyewe.

1. Nargisi nyeupe

Kwenye mfuko huandikwa Paperwhite, na aina inayouzwa sana ni Ziva. Maua ni madogo, meupe pe, yamekaa kwa vichala. Asili yake ni nchi za Mediterania na haidai baridi hata kidogo. Ukiitia maji leo, baada ya wiki tatu hadi sita inachanua.

Uzuri wake mwingine ni kwamba joto la kabati haliidhuru. Wakulima wenyewe huyahifadhi matunguu haya kwenye nyuzi 25 hadi 30 ili yasichipue kabla ya wakati, na hilo ndilo joto la stoo zetu. Ukiyapata mapema, yanunue, yaweke kwenye mfuko wa wavu mahali pakavu penye hewa, uyatoe Juni.

Bustani huihitaji. Chukua bakuli la kioo, tia kokoto, panga matunguu yakigusana, kisha tia maji mpaka yaguse kitako tu. Maji yakipanda ubavuni, tunguu litaoza kabla ya wiki kwisha. Kokoto ukiziokota ufuoni, zioshe mara tatu nne chumvi itoke.

Shida yake kwa joto letu ni urefu. Majani hurefuka kama mtoto wa darasa la saba, na siku ya kuchanua shina zima linalala mezani. Mwaka 2006 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, walionyesha dawa yake: mizizi ikishatoka na chipukizi likifika sentimita nne tano, mwaga yale maji, utie maji yenye alkoholi ya asilimia 4 hadi 6. Shina hufupika kwa thuluthi au zaidi, na ua halipungui. Spiriti ya duka la dawa, ile ya asilimia 70, inafaa: kipimo kimoja kwa vipimo kumi na kimoja vya maji. Usizidishe, mizizi itaungua.

Mahali pa kuiweka nimejifunza kwa miaka mingi. Mwezi wa Julai jua letu liko upande wa kaskazini, kwa hiyo dirisha la kusini lina kivuli na upepo wa bahari. Nargisi yangu ya dirisha la kusini hukaa na maua siku kadhaa zaidi kuliko ya sebuleni. Ila egemeza bakuli ukutani, maana kusi ikija kwa nguvu haichagui.

Harufu yake ni kali. Wako wanaoipenda kama asumini, wako wanaosema inawaumiza kichwa. Usiiweke chumba cha kulala mpaka uijue. Maua yakisha, tupa tunguu. Limekwisha nguvu na mwaka ujao halitakupa kitu.

Ukienda kununua, libonyeze kitako kwa kidole gumba. Kitako kiwe kigumu, na tunguu liwe zito kuliko unavyolidhania. Harufu ya uvundo, doa la kijivu lenye vumbi, au chipukizi refu la manjano, rudisha. Chukua futi ya fundi cherehani upime mzingo: sentimita 15 kwenda juu ndio ukubwa wa kulipia. Dogo litakupa majani.

2. Yungiyungi la mvua, lile la manjano

Si nargisi, lakini ni ukoo mmoja, na anayetaka manjano ya kudumu uani nampeleka hapa moja kwa moja. Asili yake ni Mexico. Linangoja mvua, na mvua tunayo: masika, vuli, na zile za katikati zinazokuja bila hodi. Majani yake ni membamba kama ya vitunguu vya majani, na unasahau kabisa kuwa yapo. Kisha mvua kubwa inanyesha, siku chache zinapita, unaamka asubuhi ukuta mzima umejaa vikombe vya manjano.

Shangazi yangu, Likoni, amelipanda kando ya kisima, kwenye udongo ule wa matumbawe ambao jembe linalia ukiugonga. Aliongeza mboji kidogo ndoo mbili tatu, basi. Ua moja hukaa siku moja au mbili, lakini mengine hufuata, na matunguu huzaana chini kwa chini mpaka unawagawia majirani.

Kwenye nasari za kando ya barabara Nyali na Bamburi utayaona yakiuzwa kwa kichaka, kwa bei nafuu sana ukilinganisha na tunguu lolote la kutoka ng'ambo. Tatizo ni rangi. La waridi ndilo lililojaa, jeupe linafuata, la manjano ni adimu, na yasipokuwa na ua yanafanana.

"Mama, hili ni la manjano, nakuapia," kijana mmoja aliniambia.

"Mwanangu, nakuamini. Niwekee mpaka lichanue, nitakuja kulilipa."

Lilichanua la waridi. Tukacheka sote wawili, na akanitafutia lenyewe kwa mwenzake. Subiri ua ndipo utoe pesa.

3. Nargisi ya manjano ya vichala

Soleil d'Or ndiyo inayojulikana: manjano iliyokolea, kikombe cha rangi ya chungwa, harufu tamu kuliko ile nyeupe. Katika visiwa vya Scilly, kusini-magharibi ya Uingereza, wakulima hufukiza mashamba yake moshi ili ichanue mapema. Niliposoma hayo nilifikiria chetezo na nguo za Ijumaa, nikaona hawa ni watu wetu. Moshi ule una gesi ya ethilini, ambayo kwa nargisi za vichala ni kichocheo.

Haihitaji majira ya baridi kali, lakini shina lake linapenda ubaridi wa wastani ambao kwetu ni wa kubahatisha. Mimi nilipanda sita Juni, matatu yakachanua. Nayo nayahesabu kuwa malipo mema, kwa sababu kile chungu kimoja kiliniletea majirani nyumbani wiki nzima. Inunue ukiwa umeshaizoea nyeupe.

4. Yungiyungi buibui

Jeupe, kidole kirefu huku na huku, na katikati lina kikombe chembamba kinachoikumbusha nargisi. Halijali chumvi wala mchanga, ndiyo maana hoteli za ufuoni hulipanda. Linataka nafasi kubwa. Anayeishi ghorofani aliruke.

5. Tarumbeta kubwa za manjano

Hizi ndizo za kwenye picha: King Alfred, Dutch Master. Na hizi ndizo nakuomba uziache, isipokuwa una friji ya ziada na subira ya miezi minne.

Mara ya kwanza nilinunua kumi mtandaoni. Zilifika Novemba, kaskazi inaanza, na muuzaji akaniandikia nizipande mara moja kwenye jua. Nikafuata. Yalitoka majani mafupi, yakasimama, yakageuka manjano. Nilipofukua mwezi wa pili, tunguu lilibaki ganda tu, ndani uji wa kahawia. Joto la udongo huamsha kuvu ya kitako, na ua halikuwa limepata baridi ya kulirefusha. Nilisikitika sana, hasa kwa kuwa kosa lilikuwa la maagizo.

Tarumbeta inadai wiki 12 hadi 16 chini ya nyuzi 9. Friji ya nyumbani hufanya kazi hiyo kwenye nyuzi 4 hadi 7, kwa sharti moja: pasiwe na ndizi, embe wala tofaa humo. Matunda hayo hutoa ile ethilini, na gesi inayosaidia nargisi za vichala, hapa huua ua likiwa bado ndani ya tunguu. Na friji ya familia isiyo na tunda, mimi sijaiona. Hata ukifaulu, ni ua la mara moja. Yakiisha, tunguu halina pa kupata baridi nyingine isipokuwa umpelekee ndugu yako wa Limuru, kule bara kwenye baridi.

Wakati wa kuagiza, na karatasi

Matunguu ya Uholanzi huvunwa katikati ya mwaka na hufika kwetu kati ya Septemba na Novemba, yaani wakati mbaya kabisa kwa tarumbeta. Ya Afrika Kusini huuzwa tangu Februari hadi Mei. Hayo yanatufaa: yakifika Machi, wiki kumi na mbili za friji zinakufikisha Juni, na maua yanaangukia Julai na Agosti.

Ukiagiza mwenyewe kutoka nje, lazima uwe na kibali cha KEPHIS, shirika la serikali la kukagua afya ya mimea, kabla mzigo haujaondoka, pamoja na cheti cha afya ya mimea cha nchi mzigo unakotoka. Kwa matunguu kumi usumbufu huo hauna maana. Jiungeni watu kadhaa, au nunua kwa muuzaji aliyekwisha kuyaingiza na akuonyeshe karatasi.

Na andika jina kwa kalamu nzito juu ya mfuko, pande zote mbili. Tunguu la nargisi lina sumu iitwayo laikorini, inayotapisha vibaya, na kwa macho ni kitunguu maji kabisa. Binti yangu alishaliweka moja kwenye ubao wa kukatia, kisu mkononi, mafuta yameshapata moto. Tangu siku hiyo yangu hukaa kwenye kopo la rangi lenye kifuniko, rafu ya juu, mbali na jikoni.